Kidonge cha Wake Wenza

Mama yangu na mama yangu mdogo waligombana miaka thelathini na kitu bila likizo. Waligombania maji, kuni, kuku, mpaka wa shamba, na nani kati yao alimpikia baba mchuzi uliomharibia tumbo siku ya Idi, mwaka ambao hakuna mtu mwingine anayeukumbuka. Nyumba zao zilitazamana, ua mmoja katikati, kijijini kwetu kwenye njia ya kwenda Kilambo, na sisi watoto tulikua tukiusikiliza ugomvi ule kama watu wengine wanavyosikiliza redio. Mama alianza kwa Kiswahili, taratibu, kwa adabu zote. Hasira ikipanda anahamia Kimakonde. Akishafika huko baba alivaa kofia yake akaenda msikitini, hata kama wakati wa swala bado. Marehemu alisali sana.

Baba alikuwa na sheria moja tu ya kuendesha wake wawili: kila kitu nusu kwa nusu. Kanga alinunua doti mbili za rangi moja na maneno yaleyale, ili asiwepo wa kuuliza mwenzake kaandikiwa nini. Nyama, sabuni ya mche, sukari, hata mfuko wa salfa ya kupulizia mikorosho, vyote viligawanywa pale uani hadharani. Na kama kitu kilihitaji kisu, mmoja alikata, mwingine akachagua kwanza. Anayekata hachagui. Kwa sheria hiyo mama akawa mkataji wa kuogopwa, maana kipande kikizidi unywele tu kinakwenda ng'ambo ya ua. Nilimwona kwa macho yangu akipima ndizi kwa uzi.

Baba alipofariki, wajane wote wawili wakakaa eda, miezi minne na siku kumi, kila mmoja mlangoni kwake, wakitazamana. Mama akanyamaza. Watu waliokuja kuhani wakamsifia: Bi Mkubwa kawa mpole, Mungu kamjalia subira. Ndugu zangu nao wakasema ni eda, ikiisha atarudi kuwa yeye. Mimi nilikubali kwa mdomo, lakini roho yangu haikutulia. Namjua mama yangu. Mama akiwa mpole, kuna kitu.

Eda ikaisha, kanga zikabadilishwa, na upole ukabaki palepale. Akiwekewa chakula anakitazama mpaka kinapoa. Kuoga mpaka aambiwe. Mikorosho ikaanza kutoa maua, ubwiriunga ukaingia, ule ugonjwa unaolipaka ua unga mweupe mpaka linakauka, na kila shamba kijijini likawa linanguruma mashine za kupulizia isipokuwa la mama. Mfuko wake wa salfa ulikaa pembeni ya mlango, haujafunguliwa.

Aliyenipa habari ni mama mdogo. Mimi naishi mjini, Ufukoni, na nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha inayoshughulika na mizigo ya bandarini. Simu yake ilinikuta nikiwa na karatasi za korosho mezani, na mwanamke yule, ambaye sijawahi kumsikia akilia hata siku ya maziko, alikuwa analia.

"Mwanangu, njoo," alisema. "Mbuzi wangu wameingia kwenye muhogo wa mama yako, wamekula matuta matatu."

"Sasa mama kasemaje?"

"Kasema waache, nao wana njaa." Akavuta pumzi. "Mwanangu, hajanitukana."

Nikafunga faili nikaenda kuomba ruhusa. Kuanzia siku ile nilikuwa na haja moja tu duniani, na sikuwa na aibu kuisema: nimsikie mama yangu akigombana tena.

Nilimleta mjini nikampeleka hospitali. Kitengo cha afya ya akili kilikuwa mwisho wa korido, na ile korido niliipita kama mtu aliyebeba kitu cha wizi. Nilimshika mama mkono huku nikisoma mabango ya chanjo ukutani kwa makini makubwa, ili atakayetuona adhani tunakwenda kwingine. Hata hivyo tukakutana na jirani yangu wa Ufukoni, mwanamke ambaye habari ikimfikia asubuhi, adhuhuri inakuwa ya mtaa mzima.

"Shikamoo mama. Mgonjwa nani?"

"Mama, jino," nikasema.

Mama akanitazama. Hana jino hata moja upande ule niliomwonyesha jirani.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi mguu mmoja, na sauti ya mtu asiyeharakishwa. Alimuuliza mama kuhusu usingizi, chakula, mwili, mambo aliyokuwa akiyapenda. Mama alijibu neno mojamoja. Kisha akamuuliza kama huwa anafikiria kufa.

"Kila mwenye akili anafikiria kufa," mama akasema.

"Namaanisha kujidhuru, bibi. Kujiua."

Nilitaka kumwambia daktari hayo hatuulizani, lakini mama alikuwa ameshafikiria jibu. "Hapana. Ni dhambi. Halafu inataka nguvu."

Daktari hakucheka. Aliandika, akatuambia hii inaitwa sonona. Akasema ni ugonjwa, hauletwi na uvivu wala kukosa imani, na unatibika. Akamuuliza mama kuhusu moyo, presha ya macho, dawa nyingine anazotumia za hospitali na za miti. Akampima moyo kwa ile mashine ya waya za kubandika kifuani. Ndipo akaandika amitriptilini, kidonge kimoja kidogo cha njano, kila siku kabla ya kulala.

Maelezo yake nayakumbuka vizuri leo. Siku ile niliyasikiliza kama ninavyomsikiliza karani mpya wa forodha, yaani nikitikisa kichwa na kusubiri amalize. Alisema usingizi unaweza kuja mapema, lakini huzuni yenyewe itachukua wiki kadhaa kupungua, kwa hiyo tusikate tamaa. Mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu, na akiinuka ghafla kichwa kitazunguka, basi ainuke taratibu. Asichanganye na pombe, hata uraka.

"Mimi na uraka?" mama akasema. Lilikuwa jibu lake refu kuliko yote siku ile, na mimi nikafurahi.

Daktari akaendelea. Dawa hiihii, alisema, tunampa pia mtu mwenye miguu inayowaka moto kwa ajili ya kisukari, na mtu mwenye kipandauso. Kidonge kimoja, maradhi tofauti, kipimo tofauti. Kwa hiyo mtu akikwambia dawa hiyo naijua, mwache na yake. Asipewe mtu mwingine hata kimoja, maana kwa mtu mwenye matatizo ya moyo ni hatari, na vikimezwa vingi kwa pamoja vinaua. Ndiyo maana alitupa vya wiki mbili tu, na akataka nivitunze mimi, au mtu mzima mwingine ndani ya nyumba, amhesabie mgonjwa.

Nikasema sawa, nimeelewa.

Kazi yangu mimi ni karatasi. Kontena haliondoki bandarini mpaka nimesoma nyaraka zake mara tatu, na nimewahi kurudisha faili kwa sababu ya nukta. Lakini kile kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa sikukikunjua. Kulikuwa na meli inapakia, simu zinaita, nikampeleka mama kijijini Jumapili, nikamwachia vidonge vyote mkononi. Na nikafanya kosa la pili, lililozaa mengine yote. Aliponiuliza ni dawa ya nini, nilitazama pembeni nikamwambia, "Ya usingizi, mama."

Niliona aibu, sina maelezo mengine. Neno akili lilikuwa limeandikwa juu ya ule mlango kwa herufi kubwa, na nilihofia kijiji kizima kingesema Bi Mkubwa kapata wazimu. Nikaona usingizi ni neno zuri, halina madhara.

Wiki mbili zikapita, nikachukua dawa nyingine, nikaenda. Hakuna mabadiliko. Mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, akitazama ua. Nilichokiona ni kwamba alikuwa na kikombe kikubwa cha maji pembeni. Ng'ambo ya ua mama mdogo naye alikuwa na kikombe kikubwa cha maji pembeni.

"Mdomo unakauka siku hizi," mama mdogo akaniambia. "Na choo, mwanangu, nisikudanganye, choo ni mtihani."

Nikamshauri ale mapapai. Mtu wa nyaraka mimi, mtu wa kurudisha faili kwa nukta, nimesimama katikati ya ua, vikongwe wawili kushoto na kulia wananieleza dalili zilezile zilizotajwa na daktari, nami nasema mapapai.

Wiki ya nne nikamrudisha mama kliniki. Daktari alishangaa kidogo. Akauliza, anameza kila siku? Nikamgeukia mama, mama akasema kila siku, na ilikuwa kweli tupu. Daktari akafikiri, akasema basi tupandishe kidogo, vidonge viwili kabla ya kulala, tuone. Akarudia kwamba nivitunze mimi. Nikasema bila shaka.

Siku chache baadaye nilikuwa ofisini, adhuhuri, dereva wa lori ananilalamikia foleni ya getini, simu ikaita. Mtoto wa mama mdogo, mdogo wangu wa kike, alikuwa anahema. Mama yake kaanguka. Alikuwa anaswali, akainuka kutoka kwenye sijida, akasimama, akaenda chini mzima mzima. Wamempakia kwenye gari la mwalimu mkuu, wanakuja mjini.

"Na mama?" niliuliza, sijui kwa nini.

"Naye kapanda. Tumemwambia abaki, hakujibu, kapanda tu."

Nilifika hospitali kabla yao. Mama mdogo alishushwa akiwa na fahamu, uso wa majivu, nundu juu ya nyusi, akilalamika kwamba moyo unaruka kama unakosea kuhesabu. Nesi akampima presha, ilikuwa chini mno. Wakamwekea zile waya kifuani, karatasi ikatoka, na daktari wa zamu akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Anatumia dawa gani?"

"Za presha," akasema mdogo wangu. "Anameza asubuhi."

"Nyingine?"

"Hakuna."

"Za kienyeji?"

"Hakuna, daktari. Za presha tu, miaka yote."

Daktari akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayejua kuna kitu kimefichwa. Hapo ndipo mama yangu, aliyekuwa amesimama ukutani bila neno tangu waliposhuka, alipofungua fundo la kanga yake. Alifungua taratibu. Akatoa pakiti ya vidonge vya njano na wembe uliofungwa kwenye kitambaa, akaviweka juu ya kitanda miguuni pa mwenzake.

"Na hizi," akasema. "Nusu kwa nusu."



Ikaelezwa yote, mama akisema kidogo, mama mdogo akijazia kutoka kitandani. Kila alasiri, tangu siku ya kwanza, mama alikaa uani na kifuniko cha sufuria, akaweka kidonge cha njano katikati, akakikata kwa wembe. Mama mdogo akavuka ua, akachagua nusu yake kwanza, akaenda nayo nyumbani akaimeze wakati wa kulala. Kidonge kile ni kidogo, kinapasuka ovyo, kwa hiyo ilibidi hata unga wake ugawanywe kwa ncha ya wembe. Wiki nne nzima kila mmoja alikuwa anameza nusu ya dozi ya mtu mmoja. Ndiyo maana mama hakupona. Na daktari alipoongeza kidonge cha pili, wembe ukawekwa pembeni, sasa hesabu ni rahisi, kimoja chako kimoja changu. Mama mdogo, mwenye presha na moyo ambao hakuna aliyewahi kuupima, akawa anameza kidonge kizima.

"Mnagawana dawa?" daktari wa zamu akauliza. "Mnagawanaje dawa?"

"Kwa haki," mama mdogo akasema kutoka kitandani, na nadhani alikuwa amekasirishwa na swali.

Walimlaza siku mbili, waya zimebandikwa, wanamwangalia moyo. Daktari alisema mama kututobolea siri mapema kulisaidia, kwa sababu walijua wanapambana na nini. Kisha akanigeukia mimi. Sitarudia yote aliyoniambia, lakini alitumia sauti ya chini na kila neno lilikuwa halali yangu. Daktari wa kliniki, yule mwenye miwani ya uzi, alipokuja naye akauliza swali moja tu: "Nilikwambia avitunze nani?"

Nilitoka nje na mama, tukakaa kwenye benchi la saruji karibu na dirisha la dawa. Nilikuwa na hasira, na kwa sababu hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe nilimtupia yeye.

"Mama, huyu mwanamke hujampa hata chumvi ya mkopo miaka yote. Dawa ndiyo umeona umgawie?"

Mama akatazama mikono yake. "Alikuwa hapati usingizi. Nilikuwa naona taa yake. Umesema ya usingizi."

Hapo nikamwambia ukweli. Nikamwambia si ya usingizi, ni ya huzuni, ugonjwa wake unaitwa sonona, nilidanganya kwa kuona aibu.

"Aibu ya nani?"

Nikageuka kutazama dirisha la dawa.

"Ungeniambia ya huzuni," mama akasema, "ningempa nusu kubwa."

Nikadhani anatania, nikamtazama. Hakuwa anatania. Alivuta kanga yake, akafunga tena fundo lisilo na kitu ndani.

"Ninyi mnamlia baba yenu," akasema. "Kila mtoto ana baba. Huyu ndiye peke yake anayemlia mtu ninayemlia mimi. Sasa ningekunywa peke yangu, halafu nipone, halafu nimtazame?"

Nililia pale kwenye benchi, nililia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Jirani yangu wa Ufukoni akapita na bahasha ya vipimo, akasimama.

"Poleni. Jino bado?"

"Si jino," nikasema. "Mama ana sonona. Anatibiwa kule mwisho wa korido. Waambie na wengine."

Nadhani ndiyo mara pekee katika maisha yake alipokosa hamu ya kusambaza habari.

Mama mdogo alipotoka, daktari wa kliniki aliwaita wote wawili, na mimi nyuma yao kama mtuhumiwa. Akamhoji mama mdogo maswali yaleyale, na mama mdogo akajibu vizuri, sentensi nzima nzima, akilia katikati. Ikaonekana naye anahitaji matibabu, ila si ya kidonge cha njano. Moyo wake hauruhusu. Baada ya kumpima tena akaandikiwa dawa ya aina nyingine, kapsuli ya rangi mbili, asubuhi, na kuja kuzungumza na mshauri kila wiki mbili. Mama akarudishiwa dozi yake ya mwanzo, kimoja kizima, kwa sababu kumbe hakuwahi kuipata.

Nilidhani mambo yamekwisha. Nilisahau naongea na nani. Wake wenza wakatazama kilichowekwa mezani: pakiti ya njano upande huu, kapsuli za kijani na nyeupe upande ule.

"Mbona zake za rangi mbili?" mama akauliza.

Daktari akamweleza, kila mtu na mwili wake.

"Na yangu ndogo."

"Udogo wa kidonge hauna maana, bibi."

"Basi nami ninaweza kupewa ya rangi mbili."

Mama mdogo alikuwa tayari ametia zake kwenye mkoba. Ilibidi nesi wa kitengo aingilie, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye kwao ni wakulima wa korosho pia. Akawaambia: wewe shamba lako lina ubwiriunga, mwenzako shamba lake lina wadudu. Mtapuliza dawa moja? Mama akafikiri, akasema hapana, ni uharibifu. Nesi akasema basi. Na tena, akasema, ua likishika msiseme yamekwisha. Salfa huwa hupulizi mara moja ukaenda kulala, unarudi kwa raundi zake. Na hii mtaendelea nayo miezi hata baada ya kujisikia vizuri, na siku ya kuacha mtapunguza taratibu kwa amri ya daktari, si kuamka tu asubuhi mkaitupa. Ukiiacha ghafla mwili unahangaika. Mama akatikisa kichwa. Wiki nne za daktari na ujanja wangu wa nyaraka havikufanya kazi iliyofanywa na mfuko wa salfa.

Dawa ikawa inatunzwa na mdogo wangu wa kike, kwenye sanduku lenye kufuli, mbali na wajukuu, na yeye ndiye aliyewapa kila mmoja yake mkononi na kusubiri ameze. Mama alimwita askari magereza. Mimi kila Jumapili nilikwenda, nikasoma karatasi yote ya ndani ya boksi, mbele na nyuma, mara tatu, na nikawasomea kwa sauti. Walinisikiliza kwa heshima wanayopewa mahubiri marefu.

Mabadiliko yalikuja kidogokidogo, na kwa njia za ajabu. Wiki ya tatu mama aliomba pilipili. Wiki ya nne akauliza nani aliyeruhusu nyasi ziote hivyo shambani. Msimu wa salfa ulikuwa umeshapita, mikorosho yake mingi haikushika kitu mwaka ule, na alipoiona alikaa chini akalia, na mdogo wangu akanipigia simu kwa hofu. Lakini jioni ileile alikula. Mshauri alituambia mtu anayelia kwa sababu ya mikorosho yake ameanza kuwa na mikorosho tena.

Mwezi wa kumi, korosho zinaanguka, nilipanda bodaboda kutoka stendi. Dereva alikuwa mzee mwenye ndevu za mvi, mwendo wa pole, tunaongea habari za bei na mvua. Tulipokaribia nyumbani, nyuma ya uzio wa makuti, nikasikia sauti. Ilianza kwa Kiswahili, taratibu, kwa adabu zote. "Bi Mdogo, mwenzangu, hebu niambie, korosho ikianguka kwangu, imekuja kutembea?" Nyingine ikajibu kwamba mti ni wake na tawi ni la mti. Ya kwanza ikauliza tawi lilipewa ruhusa na nani kuvuka mpaka. Ikapanda, ikapanda tena, kisha ikaingia Kimakonde.

Mzee akapunguza moto. "Dada, hapa kuna ugomvi. Tugeuze, tuje baadaye?"

"Zima pikipiki," nikasema. "Nisikilize kidogo."

Akazima. Tukakaa pale barabarani, yeye akinitazama kwenye kioo, mimi machozi yananitoka na meno yote nje. Sijui aliwaeleza nini wenzake stendi.

Nilipoingia uani, mama alikuwa katikati, mkono kiunoni, korosho tano kwenye kiganja. Hakunisalimu.

"Unalia nini, kafa nani?"

"Hakuna aliyekufa. Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri. Wewe umesoma, wewe mtu wa karatasi. Sema mbele ya Mungu hizi ni za nani."

Nikautazama mkorosho. Nikaufuata mti kwa macho kutoka shina mpaka tawi. Ningeweza kusema nusu kwa nusu, na baba angesema hivyo. Lakini korosho zilikuwa tano, na nilikuwa nimejifunza kwamba kuna vitu havikatwi.

"Za mama mdogo," nikasema.

Mama akazimwaga zote tano kwenye kiganja cha mwenzake, akageuka, akaingia ndani. Mama mdogo akanikonyeza jicho. Baadaye mama aliniwekea ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki, akaitua sahani kwa kishindo, akakaa kwenye kiti chake mlangoni, mgongo amenipa mimi, na hakunisemesha mpaka alasiri. Nilikula nikimtazama ule mgongo. Miezi ile ya eda alinyamaza kwa sababu hakuwa na la kumwambia mtu yeyote. Safari hii alikuwa nayo mengi, na yote alikuwa ananiwekea mimi.